Mtu wa Kukanyaga

Jumamosi asubuhi karani wa posta alilipandisha gari lake kwenye jeki uani, akafungua tairi, akatandika gunia na kulala chali, kichwani kavaa kofia ya kuogelea ya bintiye ili mafuta yasimwingie kwenye nywele. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, viatu kavua.

"Kanyaga," karani alisema kutoka chini. "Shikilia. Achia."

Ndivyo breki zinavyotolewa upepo: mmoja anakanyaga pedali, mwingine analegeza nati ili mafuta yatoke na mapovu yake. Ni kazi ya watu wawili. Karani aliiita kazi yake.

Kwamba hakuwa fundi, alilijua kuliko majirani. Pasi aliyoitengeneza ilipiga watu shoti mpaka wakaizoea. Mlango wa bafu alioukarabati hufungwa kwa jiwe tangu siku hiyo, na mgeni akiingia huimba ili ijulikane yumo. Mama mkwe alimbandika jina la Injinia, naye akalipokea kwa mikono miwili, maana ukichekwa nawe ukacheka, angalau hujaachwa peke yako. Lakini gereji hakwenda. Mara ya mwisho fundi alifungua boneti, akaona kazi ya mikono ya karani, akawaita wenzake waje nao wafaidi.

Mkewe alikuwa na leseni. Aliipata kwa jaribio la kwanza, wakati karani bado anaangusha vigingi vya mtihani. Hata hivyo, tangu wanunue gari, kiti kile alikikalia likiwa juu ya jeki tu. Siku nyingine zote karani alikuwa na sababu: leo mvua, kesho foleni, keshokutwa klachi nzito.

Mchana walimrudisha mama mkwe kwake, chini ya mteremko. Karani alikanyaga breki, mguu ukazama kama kwenye unga uliozidi maji. Gari likaendelea kushuka. Pembeni yake mkewe, ambaye siku zote akiogopa hukanyaga sakafu, alikanyaga sakafu. Gari likasimama taratibu nyuma ya mkokoteni wa matofali.

"Zimekaa sawa," karani alisema.

Kwenye njia panda iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata hiyo pia. Mama mkwe, aliyeketi nyuma, aliinama akachungulia miguu ya wote wawili.

"Mwanangu," akasema, "nani anaendesha na nani anasimamisha?"

"Tunasaidiana, mama," karani alijibu.

Jumapili alizitoa upepo upya, magurudumu yote. Breki zikabaki kuutii mguu uleule wa mkewe. Jumatatu alipiga moyo konde akaenda kazini peke yake. Kwenye taa nyekundu alikanyaga kwa mazoea tu, na kule nyumbani wayo wa mkewe ukamwasha. Mkewe akakita mguu chini, gari likasimama. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakuwahi kuuona mguu huu.

Tatizo likawa cherehani. Ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na kila karani alipokaribia njia panda, wayo uliwasha, mguu ukakita, sindano ikatimua mbio na pindo likaenda kombo. Mkewe alikuwa amepata kazi ya kushona kaptula za shule, kazi kubwa ya kwanza kuipata kwa jina lake mwenyewe. Ungeweza kuisoma safari ya karani kwenye pindo: hapa taa, hapa mzunguko, hapa alisimama kununua gazeti. Mwalimu mkuu alizirudisha kwa heshima zote. Alisema watoto wakipanga mstari wanaonekana kama wanaegemea upepo, na zikija hivyo tena, kazi ataitoa kwa mwingine.

Jioni ile mkewe alimngoja mezani. Ufunguo wa gari ulikuwa kati yao, karibu na kikombe.

"Mguu ni wangu," alisema. "Nipe na usukani. Asubuhi nikufikishe posta, nirudi nishone kwa amani."

Karani aliutazama ufunguo. Mkewe alikuwa amesema kweli tupu, naye aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kisha akajiona akishushwa mbele ya posta, mkoba magotini kama mtoto wa chekechea, wenzake wakichungulia madirishani. Alikuwa amezoea kuchekwa, lakini kwa mizaha aliyoichagua mwenyewe.

"Gari hili hulijui," alisema. "Breki zake zina mambo."

Mkewe alivuta kaptula moja, akaanza kufumua pindo.

Asubuhi karani aliondoka na gari. Mbele yake lori la taka lilisimama ghafla, naye akakanyaga. Gari halikusikia. Akakanyaga tena. Lori likakua kiooni mpaka akaweza kusoma maandishi madogo yaliyo juu ya namba yake, yaliyomwomba asikaribie. Aliogopa, na hakupata hata mzaha mmoja wa kujisaidia. Ndipo gari likasimama, bampa yake imegusa ya lori kama watu wawili wanaonong'onezana.

Hakuna kilichovunjika. Karani alibaki ameshika usukani, na akaelewa kwamba nyumbani kuna mtu aliyeamua kumaliza mshono wake kwanza.

Jioni alizikuta kaptula zimepangwa mezani, mapindo yamenyooka kama yamepigiwa rula. Akazisifu, na alizisifu kwa moyo wake wote. Kisha akajitia hamnazo, akautia ufunguo mfukoni, akamwambia mkewe kwamba breki zimeanza kuchelewa, ni upepo tu, na Jumamosi atahitaji mtu wa kukanyaga.