Rimoti ya Mtumba

Baba mkwe wangu amestaafu mara mbili. Mara ya kwanza alipewa saa ya ukutani na shukrani kwa kuendesha treni za mizigo. Mara ya pili alijistaafisha mwenyewe kwenye vitreni vyake vya kuchezea, mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Vitreni hivyo aliviendesha mezani kwa kifaa cha zamani chenye kitufe cha kuzungusha. Mkono ukicheza kidogo tu, treni inaruka, na ikifika kwenye kona inaacha reli na kulala chali. Siku moja akavifungia vyote kwenye katoni, akaipandisha juu ya kabati.

"Nimechoka kuua abiria," alisema.

Mimi nasoma umeme, darasa la jioni. Huko ndiko mwalimu alikotueleza juu ya treni za kidijitali: treni ina chipu tumboni, inapokea amri kupitia reli, na inaweza kupangiwa ibadilishe mwendo polepole hata kama anayeiendesha ana papara. Nikamkumbuka baba palepale. Vifaa vipya vilikuwa juu ya uwezo wetu, basi nikasaka vilivyotumika, hadi nikampata fundi cherehani aliyekuwa anauza vya kaka yake.

"Nitakuja, mkwe," baba alisema, "lakini ikigoma, katoni naigawa. Na usinibembeleze tena."

Nikambeba binti yangu mgongoni, tukaenda.

Fundi alikuwa mcheshi, sindano zimejaa kifuani. Mezani palikuwa na suti iliyoshonwa nusu. "Bwana harusi, sogea kidogo, wageni wamefika," aliiambia, akaisukuma pembeni. Akachomoa pasi ukutani, nami nikachomeka kisanduku cha kuongozea treni, chenye rimoti yake. Tukapanga reli kuanzia mwanzo wa meza hadi mwisho wake, juu yake kichwa kimoja cha treni cha kijani.

"Inafanya kazi, dada?" niliuliza.

"Kaka anaapa inafanya. Mimi nikiigusa inaninunia. Nimezoea cherehani, ukikanyaga inakwenda."

Baba akashika rimoti, akazungusha kigurudumu chake. Kimya. Akakirudisha, akazungusha tena. Kimya. Nikakaza waya, nikafuta reli kwa kitambaa. Akajaribu tena, upesi upesi, huku na huku. Taa ya kisanduku inawaka, treni imetulia kama imechorwa.

"Imekufa," alisema. Akaufuta mkono kwenye suruali, kana kwamba umechafuka. "Au imeukataa mkono wangu."

Niliiona ile katoni ikitoka mlangoni kwetu.

Wakati huo binti yangu alikuwa ameshuka, anatambaa chini ya meza, na shavu moja limevimba.

"Mchumba wangu! Unakula nini?" Baba aliiweka rimoti mezani, kigurudumu kikiwa kimezungushwa hadi mwisho, akainama. Mjukuu akafunga mdomo. Tukamzunguka wote watatu, huyu anabembeleza, yule anatekenya, hadi tukavuta kipande kirefu cha bitana, kitambaa cha ndani ya koti.

Juu ya meza kitu kikaguna.

"Inakwenda!" fundi alipiga kelele.

Kweli ilikuwa inakwenda, polepole, kwa uzito, kama ina mabehewa arobaini nyuma yake. Baba akainuka huku ameshika kiuno. Akaitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Kaka yako aliipanga kama treni ya mizigo, ikawie kuondoka," alimwambia fundi. "Sisi tulikuwa tunaizima kabla haijaamka! Maisha yangu yote nimesubiri mzigo uamke, leo nilikuwa na haraka ya nini?"

"Baba, meza inakwisha!"

Akaikamata rimoti, akarudisha kigurudumu. Treni haikujali.

"Breki, baba!"

"Nimeshafunga! Mzigo hausimami kwa kupigiwa kelele!"

Fundi akanyakua suruali ya bwana harusi, akaikinga ukingoni. Treni ikatumbukia mapajani mwa suruali. "Kituo cha mwisho!" alitangaza, nasi tukacheka hadi mtoto akacheka bila kujua kwa nini.

Baba akairudisha relini. Safari hii hakuwa na papara. Niliutazama mkono wake: ulitetemeka, na kigurudumu kikatetemeka nao. Nikaitazama treni. Ilikuwa inateleza laini, haina habari. Akaanza kufunga breki mapema, katikati ya meza, na ikaja kusimama yenyewe karibu na ukingo.

Akaipapasa treni, kisha akauliza, "Dada, kona za reli zipo?"

Zilikuwepo, mfuko mzima; tukazipanga, na treni ikaanza kuzunguka meza. Tulilipa, nikambeba binti yangu aliyeanza kusinzia, fundi akaikung'uta suti yake na kuitazama meza kwa hamu.

"Baba, twende. Dada anataka kufanya kazi."

"Subiri, mkwe," alisema bila kugeuka. "Umeona wapi dereva anashuka treni ikitembea?"