Mstari wa Samaki wa Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na jicho moja la kutazamia watu na jingine la kutazamia saa, na hilo la pili lilikaa nyuma ya lenzi miaka thelathini. Basi alipofunga kibanda chake na kuanza kufuga samaki wadogo wa kijito cha nyuma ya soko, usidhani aliwatazama tu kama watu wengine wanavyotazama samaki. Thubutu. Kila asubuhi, chai ikiisha, alivaa lenzi yake, akachukua kichujio cha chai kile kile, akamvua mmoja kutoka kwenye tangi la kioo, akamtia kwenye chupa nyembamba na kuanza kumhesabu magamba. Kitabu cha kutambua samaki kilikaa wazi kando yake, kurasa zimelowa pembeni.

Samaki wake, wenye urefu wa kidole gumba, walifanana kwa kila kitu na samaki wa ukurasa wa arobaini na mbili, samaki wa kawaida kabisa. Tofauti ilikuwa moja. Yule wa kitabuni alikuwa na mstari mweusi ubavuni, toka kwenye jicho hadi mkiani, na wa kwake hawakuwa nao. Aliwakagua wote tisa, akarudia, akarudia tena. Hapo akajua kwamba Mungu hakumsahau uzeeni: amepata spishi isiyomo kitabuni.

"Mbona mstari wanao," alisema mkewe, ambaye ndiye aliyewalisha kila jioni.

"Upi?"

"Mweusi, wa ubavuni. Kama huo wa kitabu chako."

Jioni hiyo alipouona tena alimwita. Fundi akaja mbio, lenzi jichoni, kichujio mkononi, akainama. Hakuna mstari. Mkewe naye akachungulia, akaukosa. "Ulikuwepo sasa hivi," akasema. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu mama wa watu akapiga picha kwa simu, na fundi akasema hicho ni kivuli cha kidole. Mara ya nne, kwa mapenzi kabisa, akampeleka mkewe kwa daktari wa macho. Daktari akasema macho ni mazima. Fundi akanunua miwani hata hivyo, maana daktari naye ni binadamu.

Mkewe aliicheka ile miwani, akaivaa siku moja ili kumridhisha, kisha akaiweka juu ya kabati. Lakini tusidanganyane, ilimuuma. Wamekaa pamoja miaka thelathini na miwili, na leo neno lake haliaminiki mpaka chupa ikubali.

Wakati huo fundi alikwisha kumwandikia mtaalamu wa samaki wa makumbusho, na mtaa mzima ulikuwa na habari. Kwenye tangi alibandika karatasi: SPISHI MPYA, USIGUSE. Mtaalamu akiukuta mstari, fundi ataumbuka mbele ya kinyozi wa jirani, na kinyozi yule hajawahi kutunza siri tangu azaliwe.

Mtaalamu alifika Jumamosi alasiri. Alikuwa binti mpole mwenye begi mgongoni, akamwamkia fundi shikamoo na kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Fundi akavua samaki wawili, akawatia chupani. Binti akawatazama, akahesabu magamba, akapima mapezi, akafungua ukurasa wa arobaini na mbili.

"Kweli, mzee, mstari siuoni," akasema.

Fundi akavimba. Akawarudisha samaki tangini, akaenda kukaa pembeni kama bwana harusi. Saa kumi na moja ikagonga, mkewe akaingia na kopo lake la chakula akijiimbia kwa sauti ya chini. Akainamia maji. Samaki wote tisa wakamjia, na mstari ukawatokea ubavuni taratibu, mweusi kabisa, kama ulivyochorwa kitabuni.

Fundi akainuka, kichujio mkononi. Hakufika hata nusu ya chumba kabla mistari haijafifia yote.

"Ni hofu, mzee," binti akasema kwa upole. "Samaki huyu akiogopa, mstari hufifia. Akitulia, hurudi."

"Kwa hiyo wananiogopa mimi?"

"Si wewe. Ni kichujio."

"Na lenzi," mkewe akasema. "Mimi mwenyewe ilinichukua mwaka mzima kuizoea."

Binti akacheka mpaka akaomba radhi. Fundi hakucheka. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuhusu samaki.

Kesho yake aliibandua ile karatasi, akamfuata kinyozi mwenyewe kabla hajafuatwa. "Mstari wanao," akamwambia. "Mke wangu aliuona tangu mwanzo, mimi nikampeleka kwa daktari." Kinyozi akasahau kichwa cha mteja, akaanza kucheka.

Tangu siku hiyo fundi alikaa mbele ya tangi kila jioni, mikono magotini, bila lenzi, bila kichujio. Siku ya kwanza samaki walijificha. Siku ya tano walikula, lakini weupe. Siku ya tisa mmoja akasogea kwenye kioo, na ubavuni mwake ukaja mstari hafifu, kisha mweusi. Moyo wa fundi ukajaa.

"Umeuona?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Mkewe alikuwa amesimama pale na kopo lake, na fundi hakujua amesimama tangu lini.

"Nitoke," mkewe akasema, akijizuia kucheka, "ili upate uhakika wamekuja kwako au wamekuja kwangu?"

Fundi saa, mtu ambaye hajawahi kumrudishia mteja saa kabla ya kuipima mara tatu, akasogea kwenye benchi akamwachia nafasi.

"Kaa," akasema. "Uhakika wa nini tena?"