Walivyotoka Bila Kuvunja Ukuta

Pale maabara walimwita Sumaku, kwa sababu akishakaa kwenye hadubini kumbandua ni shughuli. Bakteria aliokuwa akiwachunguza ndio waliomlaza mama yake mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila mara mama alimeza dawa, homa ikashuka, akarudi kwenye cherehani yake. Wiki kadhaa zikipita, homa hiyo tena.

Sumaku alimweleza kwamba bakteria hao huingia ndani ya seli za mwili, wakajificha na kuzaliana humo, mahali ambapo dawa nyingi hazipenyi. Mama hakuwa mtu wa kuachia jambo nusunusu.

"Sawa, wameingia," alisema. "Wanatokaje?"

Vitabu vilisema wanajaa mpaka seli inapasuka. Mkuu wa maabara, mzee mpole aliyemfundisha kazi, alisema hivyo hivyo. Sumaku akaamua kujionea mwenyewe.

Alichukua rangi nyekundu isiyoweza kupenya seli nzima. Seli ikitoboka tu, rangi inaingia na seli yote inawaka. Akaambukiza seli kwenye visahani, akawaosha bakteria waliobaki nje, akasubiri. Kesho yake asubuhi majimaji ya visahani yalikuwa yamejaa bakteria, lakini seli nyekundu zilikuwa za kuhesabika.

Mkuu alitazama, akakuna kidevu, akasema rangi imeharibika. Sumaku akafungua chupa mpya, akapata yaleyale. Safari hii mkuu alisema huenda hawakuoshwa vizuri: wale wa nje hawakutoka popote, walikuwa nje tangu mwanzo. Maneno hayo yalimchoma, maana huenda yalikuwa kweli. Akarudi mezani.

Baada ya kuosha, sasa aliongeza dawa inayoua bakteria wa nje bila kuwagusa wa ndani, kisha akaiondoa. Jaribio la kwanza, kabati la joto lilizimika na seli zote zikafa. La pili alikosea kipimo cha dawa, kosa lake mwenyewe, na wiki nzima ikaenda na maji. Mwenzake wa meza ya pili alimtania kwamba bakteria wameshamzoea, awaombe tu wamwonyeshe njia. Alicheka, akaandaa visahani vingine.

Jaribio la tatu alilikalia kuanzia asubuhi, kamera ikipiga picha kila dakika. Saa nane mchana, shingo imekakamaa, aliona ukingo wa seli moja ukivimba. Uvimbe ukawa kifuko kilichosheheni bakteria, kikabanwa shingoni, pale kilipoungana na seli, kikakatika. Seli ikabaki palepale, nzima, bila wekundu hata chembe. Kifuko kikaelea hadi kwa seli ya jirani, nayo ikakimeza.

Hakushangilia. Alifikiria bakteria walivyozunguka mwilini mwa mama yake hivyo, wamejifunika ngozi ya seli, walinzi wa mwili wakipishana nao bila kuwashtukia. Hasira ikampanda, akamwita mkuu.

Mkuu aliitazama filamu mara tatu.

"Miaka ishirini nimefundisha nusu ya jambo," alisema mwishowe.

"Kupasuka kupo, Daktari. Ila katika kila seli kumi zinazowatoa, nane zimebaki nzima."

"Basi tafuta kinachoikaza ile shingo ya kifuko."

Kazi hiyo ilikula miezi minane. Katikati yake madaktari walimbadilishia mama dawa, wakampa inayopenya ndani ya seli, ameze muda mrefu zaidi, homa ikakoma. Jamaa wakamshauri Sumaku apumzike sasa, mama si amepona? Aliwajibu kwamba wodi ile aliyolazwa mama ilikuwa na vitanda ishirini na vinne.

Akaipata protini moja ambayo bakteria huitumia kuikaza shingo ya kifuko. Akatengeneza bakteria wasiokuwa nayo, akawaingiza kwenye seli. Siku ya kwanza vifuko vilivimba, havikukatika. Siku ya pili vilinywea. Siku ya tatu mkuu alivuta kiti, akainama kwenye hadubini: bakteria walikuwa wamebanana humo ndani, na majimaji ya nje meupe pe, hayana kitu.

"Hii bado si dawa," Sumaku alisema.

"Si dawa," mkuu akakubali, naye bado ameinama. "Andaa visahani vingine. Turudie mpaka tuwe na hakika."

Sumaku alikuwa ameshavaa glavu.