Kitenzi cha Mzee Asili

Mtaa mzima ulimwita Mzee Asili, na aliyeanza ni mkewe. Alimbandika jina hilo siku mwanamume yule alipomkalisha fundi wa bomba sebuleni, maji yakifurika jikoni, ili amweleze kwanza kwamba kitenzi cha Kiingereza "get" si mali ya Waingereza. Kililetwa na mabaharia wa kaskazini, watu wa baridi na mashoka, ambao kwao kilikuwa na maana ya kupata kitu au kukifikia. Fundi alisikiliza kwa adabu, soksi zikiwa zimelowa chapachapa. Mke alideki peke yake.

Zamani mume huyo alikuwa mwalimu, mpaka wazazi walipogundua kuwa muhula unakatika na watoto wao bado wako kwenye kitenzi hicho hicho. Shule ikamshukuru kwa utumishi wake na kumwonyesha mlango. Mwanamume mwingine angeona haya, angetafuta kibarua chochote. Huyu alifurahi kwamba sasa amepata nafasi ya kuandika kitabu. Kitabu kizima, juu ya neno la herufi tatu! Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za wauguzi na wapishi katika chumba cha mbele, na nyuma ya pazia msomi wake akikuna kipara na kunywa chai. Alijua "get" imetoka wapi. Sukari iliyomo kikombeni hakujua imetoka wapi.

"Debe tupu haliachi kuvuma," mke aliwaambia wateja, pini zikiwa mdomoni, nao walicheka, maana mwanamke yule alipomsema mumewe alikuwa na utamu wake. Alimwigiza anavyovua miwani. Alimwigiza anavyokohoa kabla ya kutaja maana ya kwanza. Wengine waliongeza kupindisha suruali ambayo haikuhitaji kupindwa, ili tu wakae kidogo. Binti yao wa pekee alikuwa papo hapo kwenye kigoda, akitia vifungo.

Mezani kulikuwa na sheria ya baba. Anayetaka kulitumia neno lile kwa Kiingereza sharti kwanza aliimbe: lilikotoka, halafu maana zake kwa mpangilio, kupata, kufika, kuwa, kuelewa, kupona, na kuendelea mpaka chakula kipoe. Ndipo apewe chumvi. Binti aliujua wimbo huo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama Kiingereza hakukijua, lakini ule mwendo wa sauti, unavyopanda kwenye mabaharia na kushuka ngazi ngazi kwenye maana, angeutambua hata usingizini. Aliuchukia kama mtu anavyochukia jino linalouma.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa likimkosesha raha: binti huyu asije akawa kama baba yake. Mengine yote angeyavumilia. Kwa hiyo hoteli kubwa ya karibu na kituo cha treni ilipotangaza nafasi ya mapokezi, na binti akaitwa kwenye usaili, mama alimshonea suti ya kijivu kwa mkono wake mwenyewe na kumkalisha chini.

"Ukiulizwa swali, jibu swali. Usimwambie mtu neno limezaliwa wapi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Baba yako akili anayo, lakini ni cherehani isiyo na sindano. Inazunguka mchana kutwa, nguo haishoneki."

Binti alicheka sana. Mama akaona mambo yatakuwa mazuri.

Siku ya usaili walikwenda pamoja. Mama aliambiwa asubiri kwenye ushoroba, kwenye kiti cha ngozi kilichomeza nusu ya mwili wake, mbele ya mlango uliokuwa wazi kidogo. Ndani aliona bega la bintiye, mshono ukiwa umenyooka vizuri, na upande wa pili wa meza mwanamke wa makamo mwenye miwani, pengine ndiye meneja, na wanaume wawili. Walikuwa wanatabasamu. Meneja akauliza kitu kifupi, kile ambacho watu huuliza ili kumtoa mgeni wasiwasi: umefikaje hapa leo? Kwa Kiingereza swali hilo lina "get" ndani yake, na hilo ndilo neno pekee mama alilolisikia.

Bega likapanda. Kisha ile sauti ikaanza kupanda kuelekea kwa mabaharia.

"Ee Mungu, hapana," mama alisema kwa sauti, na karani aliyekuwa akipita akageuka.

Sauti ilifika kileleni, ikaanza kushuka. Kupata. Kufika. Binti alikuwa ameshika magoti kama alivyokuwa akiyashika mezani tangu utoto, anasubiri kupewa chumvi. Kuwa. Kuelewa. Mwanamume mmoja akainamisha kichwa. Wa pili akaziba mdomo. Kwenye kupona meneja mwenyewe alivua miwani na kujipangusa machozi, na wote watatu wakaangua kicheko. Mama alitamani ardhi ipasuke, impokee yeye na kile kiti.

"Tutakupigia simu," binti aliambiwa, na hata mtoto mdogo anajua simu hiyo hailii.

Njiani binti alitazama mbele tu. Mama alidhani mtoto amekufa kwa aibu, akamwonea huruma, akamshika mkono wakivuka barabara. Hasira zote alikuwa anamwekea mtu mmoja. Aliyapanga maneno yake tangu kituo cha treni hadi mlangoni, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa makali.

Nyumbani walimkuta mteja wa siku zote, mpishi mnene aliyekuja kuchukua aproni zake. Mzee Asili alitoka nyuma ya pazia.

"Enhe! Imekuwaje?"

"Waliniuliza nimefikaje," binti alisema. "Nikaanza na asili, baba. Ilinitoka tu."

"Ilikutoka!" Macho ya mzee yakang'aa. "Wakakukatiza wapi?"

"Kwenye kupona."

"Lo, pole. Wangevumilia kidogo tu, inayofuata ingewafurahisha. Lakini usiwalaumu, mwanangu. Watu wazuri wale, ila kazi zimewazidi."

"Watu wazuri?" mama alilipuka. "Wamemcheka mtoto wako usoni, Mwalimu! Umemtia upumbavu wako tangu ananyonya, leo amevuna! Mwambie, mwanangu. Mwambie walivyokucheka!"

Binti alivua koti la suti, akalitupa juu ya cherehani.

"Wacheke tu. Majuha wale. Yule meneja kakalia kiti kikubwa na hata neno lililomo mdomoni mwake hajui limetoka wapi. Mngemwona!" Akavua miwani ambayo hakuwa nayo, akajipangusa macho kwa ncha ya kidole, akabinua mdomo, akatoa kicheko chembamba cha kuku aliyekanyagwa. Alikuwa yule yule meneja, mzima mzima. Mpishi alicheka hadi akashika meza.

"Acha mchezo," mama alisema. "Kazi umeikosa."

"Na wewe, mama, usijitie. Utamwelewa baba wapi? Fundi wa mapindo tu wewe." Akalegeza midomo kama mtu mwenye pini kati ya meno, akainama, akakunja uso, na mpishi akacheka tena, safari hii zaidi.

"Usimseme mama yako hivyo," alisema Mzee Asili, amefadhaika kweli. "Kwa nini unasema hivyo?"

Mama alimtazama mumewe. Aliisaka dharau usoni pake, apate mahali pa kuirudishia, hakuona hata chembe. Mtu yule alikuwa mjinga tangu siku alipomwoa, lakini hajawahi kumcheka fundi wa bomba, wala mpishi, wala yeye.

Mpishi alijifuta machozi, akamgeukia mama. "Mama, huyu ni wewe mtupu," alisema kwa furaha, akaketi vizuri ili asikilize zaidi.