Mfuko wa Nyuma ya Mlango

Pasta Murunga alipowaambia wazee waandike maazimio ya mwaka, Nyakio alikuwa anasinzia. Hakuwa na dharau. Alikuwa na miaka sabini na miwili, alikuwa amefungua duka lake la uzi na vifungo siku sita mfululizo, na kiti cha plastiki alichokalia kilikuwa kwenye jua tamu la Januari. Kikundi chao kilijiita Simeoni na Ana, kwa heshima ya wale wazee wawili waliomngoja Masihi hekaluni. Vijana wa kwaya walikiita kikundi cha magoti mabovu.

"Sitaki maazimio ya kushindana," pasta akasema. "Hakuna kujenga, hakuna kuongeza ng'ombe. Andikeni mambo matatu madogo ya kupunguza mwendo na kumkaribia Mungu. Halafu kila mtu abadilishane karatasi na jirani yake. Yeye ataiweka kwenye Biblia yake, akuombee mwaka mzima."

Hapo usingizi ukamtoka. Jirani yake, mtaani na hata pale kanisani, alikuwa Mwalimu Jepkemboi. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha, lakini hakuwa amestaafu kusahihisha. Ukimpa orodha ya sokoni anakurudishia na alama nyekundu.

Nyakio alijua vizuri azimio lake. Alikuwa nalo kifuani tangu Krismasi. Alitaka kufungua mfuko.

Ulikuwa mfuko mkubwa wa nailoni wenye mistari, wa wasafiri wa basi, na ulikaa nyuma ya mlango wa chumba chake cha kulala. Ndani mlikuwa na blanketi mbili, koti la marehemu Nderitu, hati za shamba ndani ya karatasi ya plastiki, tochi, sukari na unga wa uji. Aliufunga ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, yeye na mumewe waliporudi nyumbani baada ya kulala wiki mbili kwenye baridi ya uwanja wa kituo cha polisi, na hakuwahi kuufungua ila kubadilisha unga kabla haujaingiwa na wadudu. Miaka kumi na minane ya kubadilisha unga. Mwanawe Kinuthia alimwambia kwa simu kutoka Nairobi kwamba huo si Ukristo, ni woga. Maneno rahisi hayo kwa mtu anayekaa ghorofa ya tano.

Mwakani kulikuwa na uchaguzi tena, na Nyakio alikuwa amechoka. Alichoshwa na ule mfuko kuliko duka, kuliko goti, kuliko ngazi za benki. Kila usiku aliuona kabla ya kuzima taa. Lakini utamwandikiaje jambo kama hilo mtu anayekuletea kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao, kila Jumamosi? Utamwambia vipi kwamba unamwita dada mchana, na usiku unalala na soksi miguuni, tayari kumkimbia yeye na watu wa kabila lake?

Akaandika: kufunga duka saa nane mchana. Kusali kabla ya kuwasha redio. Kupunguza vitu nyumbani. Basi, kupunguza vitu. Nani angeona kosa hapo?

Wakabadilishana karatasi. Jepkemboi alimpa yake ikiwa imekunjwa mara nne, na akauchelewesha mkono wake kidogo kabla ya kuiachilia. Nyakio aliisukuma ndani ya Biblia bila kuisoma, maana miwani ilikuwa nyumbani. Jumapili jioni alichoka. Jumatatu aliamka akawasha redio, na maombi yakamponyoka pamoja na azimio lake la pili.

Jumanne asubuhi lango likagongwa. Jepkemboi alisimama hapo na aproni na boksi mbili tupu.

"Nimekuja tupunguze," alisema. "Ama uliandika tu kumfurahisha pasta?"

Nyakio alicheka, akamkaribisha. Waliondoa sufuria zisizo na vishikio, kalenda za zamani na viatu vya watoto ambao sasa wana watoto. Lakini Jepkemboi hakuwa kama kawaida yake. Alishika kitu, akakiweka, akakishika tena. Mwishowe akauliza, "Karatasi yangu ulisoma?"

Nyakio akaona aibu kusema kwamba hakuwa ameigusa. "Nilisoma."

"Yote? Mpaka ya tatu?"

"Yote, Mwalimu. Ni mazuri tu. Mungu akusaidie."

Jepkemboi aliketi kwenye kitanda, akajifuta macho kwa ncha ya aproni. "Asante, Mama Kinuthia. Hujui vile nimengoja." Nyakio akashangaa ni azimio gani hilo la kumliza mtu, lakini uongo akishausema mtu hawezi kuanza kuuliza maswali. Akaenda jikoni kuchemsha chai.

Aliporudi na vikombe, mfuko ulikuwa katikati ya chumba, zipu wazi.

"Nilidhani ni nguo za kutoa," Jepkemboi alisema polepole. Alikuwa ameshika pakiti ya unga, akaigeuza kusoma tarehe, maana mwalimu ni mwalimu. "Hii unga ni mpya."

"Ndiyo."

"Umenunua juzi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa hivyo hujanisamehe."

"Nikusamehe nini?"

Hapo Jepkemboi akaelewa. Alirudisha unga, akapanga blanketi juu yake, akafunga zipu. Alipita mlangoni bila kugusa chai.

"Soma karatasi, mama," alisema.

Nyakio alitafuta miwani, akaitoa karatasi kwenye Biblia. Mwandiko ulikuwa safi, wa ubaoni. Moja, kupunguza chumvi. Mbili, kuimba zaburi kila jioni hata kama sauti imekwisha. Tatu, kumwambia Mama Kinuthia ukweli. Ile siku yeye na mumewe walipobisha kwangu nilikuwa ndani. Niliwasikia. Niliogopa. Sikufungua.

Alikaa pale pale kitandani. Aliuona moshi wa siku ile, akajisikia akiita, Mwalimu, Mwalimu, akipiga lango kwa viganja. Walipoondoka, Nderitu alimwambia aliona pazia likisogea. Nyakio akamkemea. Alimwambia Mwalimu ameenda Moiben kwa kaka zake, na kwamba si vizuri kumsingizia jirani. Alimkemea hivyo kila alipolitaja, mpaka mzee akaacha kulitaja, na akafa akiwa ameacha.

Hilo ndilo lililomuuma. Alilia kwa ajili ya Nderitu, ambaye alisema kweli nyumbani kwake mwenyewe na hakuaminiwa. Kisha akaitafuta hasira yake kwa Jepkemboi. Ilikuwepo, tena kubwa, lakini ilikuwa imezeeka pamoja naye. Akajaribu kuiona ikikaa naye miaka iliyobaki, akiibadilishia unga kila Januari. Akasikia uchovu mpaka kwenye mifupa.

"Bwana," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa sala yake ya kwanza mwaka huo iliyotoka moyoni, "mimi sina nguvu za kubeba hivi viwili, mfuko na hasira. Chukua kimoja."

Duka halikufunguliwa siku hiyo. Saa sita alitoa hati za shamba na koti la Nderitu, akaviweka kabatini. Kisha akauburuta mfuko ukapita sebuleni, ukapita uani, ukatoka nje hadi lango la jirani. Watu wa boda boda walimpigia honi wakitaka kumbeba, wakidhani mama anasafiri.

Akabisha, kwa kiganja, kama siku ile.

Hakuita. Alisikia kiti kikianguka ndani, kisha hatua za mtu mwenye goti bovu anayejaribu kukimbia. Lango likafunguka kabla hajabisha tena. Jepkemboi alikuwa mguu mmoja na kiatu, mwingine bila.

"Unahama?" aliuliza, na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Sihami. Nimechoka kubeba hii kitu," Nyakio alisema. "Itakaa kwako. Kukitokea chochote, nitakuja mikono mitupu nibishe."

"Nitafungua. Naapa mbele ya Mungu nitafungua."

"Usiape. Hujui, na hata mimi sijui. Hata msamaha sijaumaliza, Mwalimu, nimeuanza tu leo. Wewe niombee na ile karatasi yangu. Mimi nitakuombea na yako."

Jepkemboi alilifungua lango lote. Aliinama akashika mshikio mmoja wa mfuko, Nyakio akashika wa pili, wakauingiza ndani wakichechemea kila mmoja kwa upande wake. Waliutua jikoni, wakasimama wakihema.

"Ile unga ikikaa itaharibika," Jepkemboi alisema baadaye, sauti ikiwa chini.

Nyakio alivuta kiti, akaketi, akavua viatu, halafu akavua na soksi.

"Basi weka maji motoni," alisema. "Tupike uji."