Maji ya Betri

Saa kumi alasiri, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, Bahgat alikuwa amesimama tena mkabala wa duka la dawa, akitafuna mbegu za maboga na kutema maganda barabarani. Inshirah alimwona kupitia kioo. Alimaliza kumhudumia mteja, akafunga droo, akatoka. Bahgat akamfuata, kama alivyokuwa akifanya tangu posa yake ikataliwe mwezi wa Mei.

Penye ngazi za kwao alimshika mkono. "Ukiolewa na mwingine, uso huo nitauosha kwa maji ya betri."

Baba yake Bahgat, Haji Dardir, ndiye muuza betri za magari mkubwa wa mji wao, Girga. Tindikali hiyo kwake haikuwa ya kutafuta.

Inshirah alishtaki. Mwendesha mashtaka alitazama picha za kamera ya duka, akamwambia ukweli: kamera ilionyesha kijana amesimama tu. Tishio lilisikiwa na mtu mmoja, naye ndiye mlalamikaji.

"Sheria ipo, tena kali," alisema. "Nisichonacho ni kinywa chake."

Wiki hiyohiyo wapatanishi walifika kwa Khalaf, ami yake Inshirah, aliyemlea tangu baba yake afariki. Khalaf alikuwa amekwisha kuamua.

"Wataleta kondoo, tutasoma Fatiha, yaishe. Na kazi ya dukani basi. Utakaa nyumbani."

"Nimekosa nini mimi, ami?"

"Hujakosa. Watu wanasema."

"Basi na yeye aseme. Kondoo wao simtaki. Asimame mbele ya wanaume wote, aseme kwa kinywa chake kila alichonifanyia. Hapo sitakuzuia kusamehe."

Haji Dardir alipoletewa sharti hilo alicheka. "Maneno tu? Kumbe binti yenu ni rahisi kuliko kondoo!"

Kikao kilifanyika Ijumaa baada ya sala, uani kwa Khalaf. Wanawake walikaa ndani, nyuma ya dirisha. Mpwa wa Dardir alirekodi kwa simu. Siku hizi Girga, suluhu isiyoonekana Facebook huhesabiwa haijafanyika.

Bahgat alianza kwa kunong'ona.

"Sauti!" baba yake alimkaripia. "Mwanaume hatubu kwa mafungu. Toa yote!"

Akatoa yote: kumfuata tangu Mei, kumshika mkono, maji ya betri.

"We kijana, ungemmwagia kweli?" mzee mmoja aliuliza.

"Chupa ilikuwa mfukoni, haji."

Hata Inshirah hakuwa amejua habari ya chupa. Alijishika shavu, akaushusha mkono, akaendelea kusikiliza.

Khalaf alisimama, akasema tumesamehe, akapokea busu la kichwani. Wakasoma Fatiha. Hakuna aliyegeuka dirishani kumwuliza Inshirah lolote.

Kabla ya magharibi Dardir aliiweka video kwa jina lake mwenyewe, akaandika: "Mwanangu ni mwanaume, na jambo limekwisha."

Jumapili asubuhi Inshirah aliiweka simu mezani kwa mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka akaitazama video mara mbili.

"Wanajua kwamba kwa kosa hili suluhu haifuti kesi?"

"Hawakuuliza."

Siku ya kesi Dardir alikuja na kanzu mpya na wazee wa kikao, washuhudie kwamba pande mbili zimepatana. Hakimu alimgeukia Inshirah, akamwuliza kama amesamehe.

"Aliyesamehe ni ami yangu," alijibu. "Yeye hakufuatwa."

"Msaliti wewe!" Dardir alipaza sauti kutoka benchini. "Tulisoma Fatiha!"

Inshirah hakugeuka. "Mliisoma, haji. Mimi nilikuwa ndani, nasikiliza."

Hakimu aliamuru ukimya. Video ikaonyeshwa, na sauti ya Dardir ikasikika ukumbini ikimhimiza mwanawe atoe yote. Bahgat alihukumiwa miaka mitatu jela.

Karandinga lilitoka lango la mahakama polepole, kwa sababu ya mikokoteni ya sokoni. Bahgat alikuwa nyuma, ameshika wavu. Inshirah alilifuata kwa miguu, kwa umbali uleule aliozoea kufuatwa, macho yake usoni mwa Bahgat, mpaka Bahgat akageuza uso. Lilipokata kona ya stesheni, Inshirah alirudi dukani, akavaa koti lake jeupe, akamhudumia mteja aliyekuwa akisubiri.