Bei ya Kumpoza Mkwe

Fundi Pancras alitoboa ukuta siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na vumbi jekundu la tofali likamwangukia Veridiana ndani ya sinia la mihogo. Hakuhama. Alilipuliza akaendelea kumenya, maana alitaka kuona kwa macho yake kila kitu kilicholipiwa. Vilikuwa vingi. Kiyoyozi chenyewe, kile kidogo cha chumba kimoja, laki tisa na nusu. Bomba la shaba mita nne, waya, breka ya umeme yake peke yake, vyuma viwili vya kubeba mashine ya nje, mpira wa kutolea maji, ufundi laki moja na ishirini, chai ya fundi mbali. Hela yote ilitoka Mkunya, juu kule Newala, kwenye mikorosho ishirini na miwili kati ya arobaini na mitano aliyoachiwa na mama yake. Sasa mikorosho hiyo ingevunwa na mtu mwingine kwa misimu mitatu.

Uamuzi ulikuwa wa ukoo. Dorika, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa hapa Masasi na mwalimu Humphrey, mtu wa mikoa ya baridi, na Humphrey alikuwa akimpiga. Alimpiga siku ya Pasaka, jicho likafumba wiki nzima. Akampiga mwezi wa saba, jino likatoka. Mwezi wa tisa akampiga kwa waya wa pasi. Kila alipoitwa na wakwe alikuja amechana nywele, akapiga magoti, akasema lile lile.

"Wazee wangu, ni joto. Kwetu mtu analala na blanketi mbili. Huku hata mawe ya mlimani yanachemka. Likinipanda kichwani, mkono unaniponyoka."

Wakwe walimwonea huruma. Mjomba Gervas, kaka yake Veridiana, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alisema siku hizi hata kuku wa kisasa wanawekewa feni, sembuse mwalimu. "Tumpozeni mkwe wetu," akasema, na watu wakaitikia. Veridiana alikuwa amekuja na neno lake, kwamba Dorika arudi nyumbani Mkunya. Alilishika mdomoni mpaka chai ikaisha, kisha akaondoka nalo, akahamia Masasi kwa binti yake.

Sasa Pancras alikuwa amefunga mashine zote mbili, ya ndani juu ya kitanda, ya nje kwenye ukuta wa nyuma, na alikuwa akifuta mikono.

"Bibi, watu wanadhani hii inatengeneza baridi," akamwambia. "Haitengenezi kitu. Inachukua kinachochemka ndani, inakitupa nje. Basi."

"Chochote?"

"Kinachochemka. Ila madirisha yafungwe. Na umeme ukikatika ukarudi, msiihimize. Inangoja dakika tatu kwanza ndipo iwake. Ukiilazimisha, imekufa."

Humphrey alirudi kutoka shuleni saa kumi, akamwamkia mama mkwe wake, akala. Mchuzi ulikuwa umezidi chumvi. Akamwita Dorika chumbani, akafunga mlango, akawasha kiyoyozi.

Veridiana alibaki uani na mjukuu wake Careen, wa miaka miwili. Mkwe haingii chumbani kwa mkwe, wala hagongi. Nyuma ya nyumba alikuwa akipita jirani yao Bonifasi, fundi baiskeli, na tairi begani. Mashine ya nje ikakohoa, panga zake zikazunguka, na kofi likatoka likamwangusha Bonifasi chini yeye na tairi lake. Lilikuwa kofi la moto, kama chapati iliyotolewa sasa hivi kikaangoni. La pili lilimkuta jogoo, likamvunja shingo.

Bonifasi alikaa kitako, akatema damu, akalipapasa jino lake kwa ulimi. Shavuni alikuwa na alama ya vidole vinne, na kwenye kidole kimoja alama ya pete.

"Shikamoo, bibi Careen."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo kitu inapiga."

"Nimeona," akasema Veridiana, akamwinua jogoo kabla hajapoa, ili manyoya yatoke kwa urahisi.

Dorika alitoka na vyombo vya kuosha, hana hata mkwaruzo. Alimnong'oneza mama yake kwamba alipigwa makofi mawili na hakusikia kitu, kama vile mtu anapiga pazia. Humphrey mwenyewe hakuona tofauti. Alipiga, akatoka amepoa, akauliza huyo jogoo atapikwa nazi au mkavu.

Kwa muda wa mwezi mmoja mtaa mzima uliyajua mapigo ya mwalimu. Ngumi zilitoka chinichini, usawa wa mbavu. Mkanda ulianza kwa mluzi, na aliyekuwa na masikio mazuri aliwahi kulala chini. Mbuzi wa Mama Erasto, wa nyumba ya pili, alipigwa teke akaharibu mimba, vitoto viwili. Mwanamke mmoja muuza maandazi alivunjwa taya akiwa na sinia kichwani, na kwa kuwa hakulidondosha, watu walimsifu sana. Ndipo majirani wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Reginald, wakaonyesha alama zao barazani kwake. Aliipima ile ya pete shavuni kwa Bonifasi kwa kidole chake mwenyewe.

"Pete tunaifahamu," akasema. "Nilikuwepo harusini. Lakini ya chumbani ni ya mwenye nyumba, mimi siyaingilii. Ya mtaa ni haya yanayotoka nje. Mashine igeuzwe."

Humphrey alikuwepo. Aliwapa wote pole, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

Basi Pancras akaitwa tena. Bomba likaongezwa mita sita, kila mita elfu thelathini na tano, gesi ikajazwa upya, na mikorosho mingine minane ikaenda. Mashine ikahamishiwa uani, ikaelekezwa ukuta wa jiko la nje alilopikia Veridiana. Siku ya kwanza ukuta ulipata ufa. Siku ya pili ukamwaga udongo. Siku ya tatu, Humphrey alipokuta shati halijapigwa pasi, ukuta wote ukalala chini, na pigo lililobaki likaruka hadi kwa Mama Erasto likamkuta amebeba sufuria la uji.

Pancras alizunguka kile kifusi akakuna kidevu.

"Pigo linatafuta mwili, bibi. Ukuta haliutaki. Likipata mwili linatulia hapo hapo, haliendi mbali."

"Mwili wowote?"

"Wowote ulio karibu."

Veridiana alimaliza kupepeta mchele. Akamhamishia Careen kibarazani kwa Bonifasi, akatandika mkeka mbele ya mashine, akaketi, akanyoosha miguu.

Tangu siku hiyo mtaa ulitulia. Watu walipita uani wakiwa wima. Saa kumi Humphrey akirudi, Veridiana alivua hereni zake, akazifunga kwenye pindo la khanga, akangoja. Kufikia Krismasi sikio la kushoto lilikuwa halisikii, na mbavu mbili zilikuwa zimeunga vibaya, hivyo akawa anacheka kwa upande mmoja. Alijifunza kutokaza shingo. Alijifunza kuuma kitambaa, maana meno ya uzeeni hayana mbadala. Dorika alimkanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi, taratibu, huku akilia.

"Nitamwomba mkanda auache, mama. Makofi tu."

"Turudi Mkunya, mwanangu."

"Sasa? Miezi yote ile niliyokuwa naumia hamkuja kunichukua, mnichukue leo siumii?"

Dorika alikuwa amenenepa. Jicho lililofumba Pasaka liling'aa, na asubuhi alifagia akiimba nyimbo za kwaya. Kule Mkunya Gervas alisimulia kila penye pombe jinsi ukoo ulivyompoza mwalimu. Na mwalimu kweli alipendeza. Alitoka chumbani na jasho halipo, akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Careen."

"Mbona uso umevimba hivi? Joto hili linawaonea wazee. Nimekuletea dawa ya kuchua."

Akaipokea dawa, akamshukuru. Pete ilimeta kidoleni.

Kiyoyozi kilikula umeme kama ng'ombe aliyefunguliwa shambani. Ununuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kwanza, ulikuwa juu ya Veridiana. Aliuza mbaazi, akauza vitenge viwili, akanunua yuniti, na kila asubuhi alikwenda kuangalia mita ukutani zimebaki ngapi. Jumamosi moja ya mwezi wa pili zilibaki nne, akaona zitafika jioni. Alisahau kwamba Jumamosi hakuna shule, na mwalimu alikuwa chumbani tangu saa tatu.

Saa nane mchana alisikia mlango unafungwa. Akavua hereni, akauma kitambaa, akakaa vizuri. Hakuna kilichotoka. Akatazama panga za mashine. Zilikuwa zimesimama, nzi ametua juu yake. Hapo Veridiana aliogopa, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, kwa sababu ndani alisikia sauti ya kitu kinachopigwa na kisichokuwa pazia.

"Bonifasi! LUKU! Bonifasi!"

Bonifasi alikuja mbio na simu mkononi yenye mafuta ya baiskeli. Namba ya mita aliijua kwa moyo. Akalipia kwa simu yake; hela ya kumrudishia ilikuwa kwenye pindo la khanga pamoja na hereni. Ujumbe ukachelewa kuingia. Ndani Dorika alisema, "Baba Careen, nakuomba," na hakuimaliza sentensi. Ujumbe ukaingia, tarakimu ishirini.

"Nne, sifuri, saba, moja," alisoma Bonifasi.

Veridiana alibonyeza kwenye mita kwa kidole gumba. Shule alifika darasa la saba, na tarakimu hazikuwahi kumshinda, lakini kidole kilikuwa kinateleza. Kitu kikaanguka ndani, pengine kabati.

"Tisa, tisa, mbili, nane. Sita... hiyo siyo sita, bibi, umebonyeza tano. Futa."

Akafuta. Akaanza upya. Alibonyeza zote ishirini bila kupumua, na mita ikakubali, taa ikawa ya kijani. Taa ya barazani ikawaka. Redio ya Mama Erasto upande wa pili ilikuwa ikiimba muda wote. Mashine haikuwaka. Ilikuwa inangoja dakika zake tatu.

Alirudi kwenye mkeka, akaketi mbele yake. Hakuna kingine cha kufanya. Dakika ya kwanza alisikia mkono ukivunjika. Alijua ni mkono kwa sababu alikuwa amevunja kuni mbichi maisha yake yote. Dakika ya pili Dorika aliita "mama", na Veridiana akasema "naam" kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ameitwa kuonjeshwa mboga. Dakika ya tatu hakukuwa na sauti ya Dorika, ila kazi ya mwalimu iliendelea. Kisha panga zikajitikisa, nzi akaruka, na teke likamchukua Veridiana kifuani likamtupa mpaka kwenye kifusi cha jiko.

"Asante," akasema.

Wote wawili walilazwa wodi moja, vitanda jirani. Dorika alifungwa plasta mkono na mtulinga, na kushonwa nyuzi kumi na tatu kichwani. Humphrey alileta machungwa. Ukoo ulikuja kwa gari la kukodi kutoka Newala, ukakaa kwenye benchi la nje, ukalijadili jambo hadi saa saba.

"Kosa limeonekana," alisema Gervas. "Umeme. Hatuwezi kumwachia binti yetu maisha yake kwenye umeme wa kukatika. Inunuliwe jenereta."

"Gervas, kaka yangu," Veridiana akaanza, akiwa ameletwa kwenye kiti cha magurudumu. Neno lake la Mkunya lilikuwa bado mdomoni.

"Pole, dada. Hela usiwaze. Bado mikorosho kumi na mitano."

Humphrey aliyainamisha macho yake kwa shukrani. Jenereta ikanunuliwa, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, pamoja na betri ya kuishikilia mashine isizimike, na tangu hapo hakuna pigo lililopotea.

Habari zilienea. Kufikia mwezi wa tano walianza kuja akina mama wenye mabinti, wawili watatu kwa bodaboda, kutoka Chiungutwa, kutoka Chiwata, wengine walishuka kutoka Newala na makoti yao. Walikaa kwenye vigoda uani wakaulizia gharama. Veridiana aliwapa kwa utaratibu, hakuficha kitu. Mashine msinunue iliyotumika, inavuja, na pigo likivuja linarudi ndani. Vyuma viwe vinene. Fundi mlipe nusu kwanza, nusu akimaliza. Kama nyie mna sukari, mseme mapema, vidonda havitapona, atafutwe shangazi wa kuketi mkekani. Waliandika kwenye daftari, wengine kwenye viganja.

Mama mmoja wa Chiwata, anaitwa Perpetua, alikuwa hajaandika. Daftari lilikuwa limefungwa magotini.

"Na mwanamume mwenyewe, je?" akauliza. "Hakuna aliyemwambia aache?"

Wote wakamgeukia. Walikuwa wamemkuta Veridiana na jicho moja limefumba na ukuta umelala chini, wakasalimiana vizuri tu na kuulizana habari za mashamba. Sasa mmoja aliweka mkono mdomoni. Mwingine akacheka kwa aibu, akasema, "Mwenzetu huyu!"

Veridiana hakucheka. Alirudi nyuma akilini, kwa uaminifu, kikao kwa kikao.

"Hilo halikusemwa," akajibu.

Ndani mlango ulifungwa. Mashine ikakohoa.

"Sogeeni pembeni, kinamama. Hapa mbele ni pa mtu mmoja."

Wakavuta vigoda vyao. Perpetua alisogea pamoja na wenzake, akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu.

"Bomba la kuongeza ulisema mita ngapi?"

Pigo lilitoka, kisha la pili. Veridiana akangoja la tatu lipite, akajifuta mdomo kwa pindo la khanga.

"Sita," akasema.